Lugha yetu ya ushindi imejaa fimbo

Jumatatu asubuhi kituoni Chamwino, anayesubiri gari la kwenda mjini Dodoma hana haja ya kununua gazeti ili ajue mpira wa mwisho wa wiki uliishaje. Vijana wa bodaboda wameshaumaliza. Fulani kachapwa, fulani katandikwa, yule kala mkono, huyu kapewa dozi, na yule mwingine kafungishwa virago kwenye kombe. Subiri kidogo, gari likichelewa kujaa, utayasikia maneno hayohayo yakihama. Mgombea wa kitongoji kabwagwa. Mtoto wa jirani kawafunika wenzake kwenye mtihani wa moko. Mnunuzi wa alizeti kamgaragaza mwenzake kwa bei. Mjomba aliyekuwa akitafuta nafasi ya kazi kaangukia pua.

Kila mahali nchini watu husema hivyo, na Kanda ya Kati si pekee. Lakini kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja. Kiswahili kina koo mbili za vitenzi vya ushindi. Ukoo wa kwanza humpiga aliyeshindwa: kuchapa, kutandika, kunyuka, kubamiza, kuchakaza, kugaragaza. Ukoo wa pili humtaja aliyetangulia: kupita, kuzidi, kuongoza, kupiku, kutia fora. Tumeupenda ukoo wa kwanza mpaka umeruka uzio wa uwanja, ukaingia darasani, kwenye sanduku la kura na sebuleni, na huko unaumiza watu ambao hawakuomba mchezo wowote. Nasema urudi uwanjani.

Uwanja wenyewe siugusi. Nitaeleza kwa nini.

Maneno yaliyozaliwa redioni

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Kituo cha kwanza kilianza 1994. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mpira ulikuwa jambo la masikio. Familia nzima ilizunguka redio moja ya mkulima, na mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam ndiye aliyekuwa macho yao. Watu kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walilazimika kuufanya mpira uonekane kwa maneno matupu, na neno moja la "kufunga" lisingetosha kwa dakika 90. Likazaliwa kundi kubwa la vitenzi, na kurasa za michezo zikaliongeza hadi leo.

Tazama yalikotoka. Kuangusha, kubwaga, kugaragaza na kulaza yametoka kwenye mieleka, ambako mgongo wa mmoja hugusa mchanga. Kutungua ni kazi ya mtoto na jiwe chini ya mti wa matunda. Kung'oa ni ya kisiki. Kuzamisha ni ya baharini. Dozi imetoka zahanati. Kusambaratisha kumetoka vitani. Na kundi kubwa kuliko yote, lile la kuchapa, kucharaza, kunyuka na kutandika, limetoka mahali ambapo kila aliyesoma shule nchini mwetu anapajua: mbele ya mwalimu mwenye fimbo.

Maneno haya yana uhai na ladha. Mwandishi wa michezo anayeyamudu ni fundi, na lugha ingekuwa maskini bila yeye. Yanavumilika uwanjani kwa sababu yanaishi ndani ya utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo si pambo. Utani, kama wazee wetu wa Ugogo na wa makabila mengine walivyouweka, ni ruhusa yenye wajibu. Mtani hukuchokoza hadharani, hukunyang'anya kitu chako ukacheka, na ukifiwa ndiye anayefika mapema kushika kazi za msiba. Anayekutania leo anajua kesho ni zamu yako.

Zamu hiyo inaonekana kwenye mabao. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6–0. Mei 6, 2012 ikaifunga tena 5–0, na kwa zaidi ya miaka kumi shabiki wa Yanga hakuweza kubishana bila kuonyeshwa vidole vitano. Novemba 5, 2023 Yanga ikashinda 5–1, na vidole vikahamia mkono wa pili. Aliyesema "tumewachapa" alikuwa ameshachapwa, na anajua atachapwa tena. Hakuna mtoto aliyekosa chakula kwa sababu hiyo, ukiacha nyumba ambazo baba ameweka ada ya shule kwenye mkeka wa kubeti, na hilo lina makala yake.

Hata sisi wa Dodoma tuna timu, Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Ikifungwa kwenye Uwanja wa Jamhuri tunaambiwa wakulima wa zabibu wamekamuliwa, nasi tunasubiri Jumapili nyingine. Mchezo una mwamuzi, una muda, una mchezo wa marudiano. Neno kali linaingia ndani ya mipaka hiyo na kulala humo.

Mipaka ikiondoka

Sasa lipeleke neno hilohilo mahali pasipo na marudiano.

Ripoti ya shule ya sekondari ya kata inafika nyumbani. Mtoto amekuwa wa 14 kati ya 72. Kwa hesabu yoyote ile amewatangulia wenzake 58. Lakini maneno yanayompokea mlangoni ni ya uwanjani: "Umechapwa hata na mtoto wa fundi baiskeli?" "Binti wa shangazi yako kakufunika." "Hawa wa mjini wanawaburuza nyie." Katika sentensi hizo hakuna jibu alilokosa, hakuna somo analohitaji msaada, hakuna hata hatua aliyopiga tangu muhula uliopita. Kuna mtu aliyepiga na mtu aliyepigwa. Mtoto huyo huenda alichapwa kweli asubuhi ya juzi kwa kuchelewa namba. Nyumbani anaambiwa amechapwa tena, safari hii na rafiki yake wa dawati moja. Anajifunza nini kuhusu huyo rafiki? Kwamba alama nzuri za mwenzake ni fimbo mgongoni mwake.

Serikali yenyewe imeweka kikomo cha fimbo halisi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 1979 na marekebisho yaliyofuata, zinataka viboko visizidi vinne na vitolewe kwa idhini ya mkuu wa shule. Fimbo ya maneno haina mkuu wa shule wala kikomo. Mtoto anaweza kuchapwa nayo kila matokeo yanapotoka, mbele ya wageni, mbele ya wadogo zake, mpaka anapomaliza kidato cha nne, na wengine hawafiki huko.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifanya jambo ambalo naliunga mkono mpaka leo. Lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, kama lilivyokuwa likifanya miaka yote. Lilieleza kuwa hakukuwa na tija katika kuzishindanisha shule ambazo mazingira yake hayafanani. Wengi walilalamika kwamba motisha imeuawa. Mimi nauliza: motisha ya nani? Shule ya bweni yenye maabara, maktaba na umeme wa kutosha ikitangazwa kuwa imeitandika shule ya kata ambayo watoto wake wanatembea saa nzima kuifikia, wakiwa hawajanywa hata uji, mtoto wa shule ya kata ametiwa moyo wa kufanya nini? Tulikuwa tukitangaza tofauti ya mifuko ya wazazi tukiipa jina la ushindi.

Baraza liliacha, lakini mdomo wa mtaa haukuacha. Orodha zinatengenezwa kwenye simu ndani ya saa moja, mabango ya shule binafsi yanapanda barabarani, na vitenzi ni vilevile.

Hapa kuna ugumu unaotoka ndani ya lugha yenyewe, na hauepukiki katika mjadala huu. Kiswahili hutumia neno moja, kushindwa, kwa watu wawili tofauti kabisa. Aliyekutana na mtu hodari zaidi yake ameshindwa. Asiyeweza kabisa naye ameshindwa: ameshindwa kusoma, ameshindwa kulipa, kazi imemshinda. Mwanafunzi wa pili katika mkoa mzima na mwanafunzi asiyejua kuandika jina lake wanaweza kuangukiwa na neno hilohilo siku moja. Mtu mzima huzitenganisha maana hizo kwa uzoefu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana uzoefu huo. Ukimwambia ameshindwa na mwenzake, anachosikia ni kwamba yeye hawezi.

Bayi, Walker na sekunde chache

Nitoe mfano ambao kila mwalimu wa Kiswahili angeutumia darasani kama angepata nafasi.

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500. Hakusubiri kengele ya mzunguko wa mwisho kama wakimbiaji wa wakati ule walivyozoea. Aliondoka mbele tangu bunduki ilipolia na akabaki mbele mpaka utepe, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alifika kijana wa nyumbani, John Walker, kwa dakika 3 na sekunde 32.52, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya.

Rekodi ya zamani ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, dakika 3 na sekunde 33.1, iliyodumu tangu 1967. Walker naye aliivunja. Siku ile John Walker alikimbia haraka kuliko binadamu yeyote aliyewahi kupimwa kwenye umbali huo kabla ya mbio zile kuanza, na akawa wa pili.

Utatumia kitenzi gani kwa Walker? Alichapwa? Alitandikwa? Alichakazwa? Maneno hayo yote ni uongo. Bayi hakumgusa Walker. Bayi alitangulia. Alimpita kila aliyekuwapo na kila aliyewahi kuwapo, na kwa kutangulia kwake alimvuta Walker mpaka mahali ambapo Walker mwenyewe hakuwahi kufika. Mei 1975 Bayi akaweka rekodi ya dunia ya maili moja mjini Kingston, Jamaika, dakika 3 na sekunde 51. Agosti mwaka huohuo Walker akaivuka, akiwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Kila mmoja alimhitaji mwenzake ili awe alivyokuwa. Ukisema walikuwa wakichapana umepoteza habari yote.

Miaka sita baada ya Christchurch, Moscow 1980, Bayi alipata medali ya fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5000. Hizo ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Mbili, zote za waliofika wa pili. Kwa lugha ya kituo cha bodaboda, historia yetu nzima ya medali za Olimpiki ni historia ya watu waliochapwa. Kuna Mtanzania aliye tayari kulisema hilo mbele ya wazee hao?

Nisogee karibu na nyumbani. Alphonce Simbu ni mtoto wa Singida, jirani zetu wa Kanda ya Kati, ardhi yenye jua na alizeti kama ya kwetu. Septemba 15, 2025, Tokyo, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huohuo, saa, dakika na sekunde. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ili ijulikane nani kafika kwanza, na tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Kiswahili kina neno halisi kwa kilichotokea: Simbu alimpiku. Alimzidi kwa unyoya. Neno hilo linatosha, na linamwachia Petros heshima ya kukimbia kilomita 42 bega kwa bega na bingwa wa dunia.

Na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 wa mwisho, akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia? Aliyeshinda siku hiyo ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia inawakumbuka wote wawili.

Kupita, kuzidi, kutia fora

Watu husema kila lugha iko hivi. Ni kweli kwa sehemu. Neno la kawaida la Kiingereza la kumshinda mpinzani, beat, ni lilelile la kumpiga, na magazeti yao ya michezo yana nyundo na mijeledi tele. Lakini watoto wetu wanaosoma kwa Kiingereza hujifunza pia silabi ndogo, out, inayotangulia kitenzi na kukigeuza kuwa cha kupita: outrun ni kumpita mwenzako kwa mbio, outplay ni kumzidi kwa uchezaji, outlast ni kudumu kumpita. Kitendo kinabaki kilekile, na kipimo kinaongezwa.

Sisi hatuhitaji kuazima silabi hiyo. Kiswahili kimelijenga jambo hili kwenye msingi wake. Tukitaka kulinganisha chochote tunasema mrefu kupita, mtamu kushinda, kazidi umri, kampita maarifa. Yaani kila siku, sokoni na shambani, tunazungumza kuhusu kuzidiana bila kumpiga mtu. Mama anayechagua mtama mnadani husema huu umeuzidi ule kwa uzito, na hakuna mtama uliolia. Uwezo tunao. Tunausahau pale tu anapoingia binadamu.

Hapa Chamwino tunalo pia somo la wazi. Tangu 2009 kuna tamasha la muziki wa Cigogo, lililoasisiwa na Dk. Kedmon Mapana kupitia Chamwino Arts Centre, ambako vikundi vya vijijini huja na muheme wa akina mama, nindo, msunyunho, zeze na marimba. Waliomsikia marehemu Hukwe Zawose, fundi wa ilimba na zeze aliyeubeba muziki huu mpaka Ulaya na kwingineko, wanajua ufundi wa Kigogo ulivyo: sauti moja hupanda juu ya nyingine na haiinyamazishi ile ya chini. Vikundi vinazidiana, na kila mtu anaona. Akina mama wa kijiji fulani wakizipiga ng'oma zao vizuri kuliko wote, watu hutoka wakisema wametia fora. Kinachopigwa ni ng'oma.

Hilo linajibu hoja ninayoipata mara kwa mara, kwamba kuchapa na kupiga ni maneno mapana tu, tunachapa kazi, tunachapa vitabu, tunatandika vitanda, tunapiga simu na hodi, basi kwa nini nilalamike? Angalia kinachopokea kitendo. Ukichapa kazi, kazi ndiyo inayochapwa. Ukitandika kitanda, kitanda hakina mgongo. Weka binadamu mahali pa kazi au pa kitanda, na neno linarudi kwenye maana yake ya shuleni, maana ambayo mwili wa karibu kila Mtanzania unaikumbuka. Anayebisha na amwambie mtoto wake "umechapwa" halafu amtazame usoni.

Lugha ya vijana wa mjini imekwenda mbali zaidi, na siku hizi hata sifa inatamkwa kwa maumivu. Msanii aliyeimba vizuri anatesa. Mchezaji hodari anatisha. Aliyefanya vyema kabisa ameua. Naelewa kwamba ni mapenzi. Lakini kijana ambaye kila neno lake la sifa linahitaji mtu wa kuteswa, siku akishindwa yeye atajiona yuko upande gani?

Kura na kijiji kimoja

Kwenye siasa sitakaa sana, maana kila msomaji ana mfano wa kijijini kwake.

Mwaka 2010, katika kura za maoni za CCM jimbo la Mtera, lililokuwa ndani ya wilaya yetu, John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, alizidiwa kura na Livingstone Lusinde. Kijana alimpita mzee. Demokrasia ilifanya kazi yake. Lakini vijiweni haikuwa hesabu ya kura, ilikuwa mieleka. Mzee kaangushwa, kabwagwa, kagaragazwa. Mtu aliyelitumikia taifa tangu enzi za Mwalimu akawekwa mgongo chini mchangani, kwa maneno.

Mwanasiasa mkubwa ana ngozi nene na ana pa kwenda. Nawafikiria wadogo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliacha maelfu ya wagombea wa vitongoji na vijiji ambao hawakupata. Mtu huyo hana mji mwingine wa kuhamia. Kesho yake anachota maji kwenye bomba lilelile, anakaa kanisani au msikitini na aliyempita, na shamba lake linapakana na la mpiga debe wa mpinzani wake. Ukimwambia kabwagwa, mke wake anabwagwa naye, watoto wanabwagwa shuleni, na mwaliko wa harusi unakatwa. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya kiti cha kitongoji, na ukichunguza, matokeo hayakuwagombanisha. Waligombanishwa na kilichosemwa jioni ya matokeo.

Nayo siasa yetu ilishajipatia usemi mzuri kabisa: kura zake hazikutosha. Tazama ulivyo na adabu. Haumdanganyi aliyekosa, amekosa. Lakini kilichopungua ni kura, na kura zinaweza kutafutwa tena baada ya miaka mitano. Mtu mwenyewe hajapungua. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wengi hupenda kumtupia methali hiyo aliyekosa. Inamhusu pia aliyepata. Ukitaka mwenzako akubali kushindwa, usifanye kushindwa kwake kuwe aibu ya kulala nayo.

Nyumbani ndiko gharama inakolipwa

Matokeo ya lugha hii hayaonekani kwenye takwimu za wizara. Yanaonekana kwenye nyumba.

Yanaonekana kwa mtoto anayeficha ripoti chini ya godoro, ingawa alama zake si mbaya, kwa sababu kuna dada yake aliyepata zaidi. Kwa ndugu wawili waliolelewa kwa kulinganishwa, ambao ukubwani kila mmoja anafurahia kidogo mwenzake akikwama. Kwa kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, akashindwa kutokea mchana kwa sababu wenzake wa darasa moja "wameshampiga gepu". Kwa mama aliyeanza kuuza ubuyu na karanga, mtaji ukakatika, na badala ya kuulizwa alipungukiwa wapi akaambiwa jirani kamkalisha.

Yanaonekana pia kwa mshindi, jambo tunalolisahau. Mtoto aliyezoea kuambiwa kawachapa wenzake anaingia kidato cha tano, anakutana na watoto waliokuwa wa kwanza kwenye shule zao, anakuwa wa 40, na hana neno jingine la kujieleza isipokuwa lile alilozoea kuwapa wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Walimu wa kidato cha tano wanawajua watoto hawa. Wengine huacha kunyoosha mkono darasani kabisa.

Wapo watakaosema nataka kulea kizazi laini kisichojua kushindana. Hapana. Nataka ushindani mkali kuliko tulionao. Bayi aliyeongoza mbio tangu bunduki ilipolia hakuwa laini, na Simbu aliyeminyana mpaka sehemu tatu za mia za sekunde hakuwa laini. Kupima kwa kitenzi cha kupita ni kugumu zaidi, kwa sababu kunakulazimisha useme umempita kwa nini, kwa kiasi gani, na aliyepitwa anahitaji nini ili afike hapo. "Kakuchapa" haina maelezo. "Kakuzidi alama tisa za Hisabati" ina kazi ya kufanya kuanzia jioni hii.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nayo hayahitaji bajeti.

Wahariri wa michezo, endeleeni na Simba na Yanga kama mlivyo, watani wanajuana. Lakini habari ya matokeo ya mitihani isiandikwe na kalamu iliyoandika habari ya mechi.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, na ninyi mliopata kura, siku ya kushukuru wananchi semeni wazi mbele ya mkutano kwamba kura za mwenzenu hazikutosha, na mtajeni kwa jina lake la heshima.

Wazazi na walimu, matokeo ya muhula yakitoka, kabla hamjauliza mtoto amekuwa wa ngapi, chukueni ripoti ya muhula uliopita muiweke kando ya hii, muanze na tofauti ya alama zake mwenyewe, somo kwa somo. Nafasi darasani ifuate baadaye, na ikitajwa, atajwe aliyetangulia na alichokifanya ili atangulie. Muhula ujao mtoto huyo atarudi kukaa dawati moja na rafiki yake yuleyule. Mruhusuni amwombe daftari.